Nyumba ya Mungu: Historia ya Tuta na Bwawa la Mto Pangani

Bwawa la Nyumba ya Mungu liko kaskazini mwa Tanzania, kusini ya mji wa Moshi kwa umbali wa kilomita 50 hivi, pale mito ya Kikuletwa na Ruvu ilipokuwa ikikutana na kuwa Mto Pangani. Makutano hayo ya zamani sasa yamefunikwa na maji. Ruvu unaotajwa hapa si ule wa Mkoa wa Pwani unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Huu hutoka Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya, na kukusanya maji ya miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro na ya milima ya Upare wa Kaskazini. Kikuletwa ndio wenye maji mengi zaidi. Hubeba vijito vya Mlima Meru na vya upande wa kusini wa Kilimanjaro, pamoja na chemchemi zinazobubujika tambarare mwaka mzima, ile ya Chemka ikiwa maarufu kuliko zote. Ukingo wa bwawa umegawanywa kati ya wilaya tatu: Mwanga na Moshi za Mkoa wa Kilimanjaro, na Simanjiro ya Mkoa wa Manyara.

Nchi inayolizunguka ni kame. Juu mlimani, upande wa kusini wa Kilimanjaro, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka katika baadhi ya maeneo. Chini bwawani hufika 500 kwa shida, na miaka mingine haifiki. Milima ya Upare huzuia mawingu yatokayo baharini, hivyo mbuga za Simanjiro na bonde la Pangani hubaki na vichaka vya miiba, vumbi na jua. Mto unaopita katika ukame huo si mali ya bonde peke yake. Maji yake ni mvua ya mlimani inayosafiri kwenda baharini, na historia yote ya Nyumba ya Mungu inatokana na swali la nani ayashike maji hayo njiani, wapi, na kwa kazi gani.

Swali hilo ni la zamani kuliko bwawa. Wachaga walikuwa wakichepusha vijito kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mkono kufuata kona za mlima hadi kwenye migomba ya vihamba. Wageni waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19 waliandika kwa mshangao jinsi mifereji hiyo ilivyopimwa bila chombo chochote na kugawiwa kwa zamu bila ugomvi mkubwa. Wapare nao walikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la tuta la udongo na mawe, lililojengwa kando ya kijito; hujazwa usiku watu wanapolala, na asubuhi huzibuliwa ili maji yashuke kwa nguvu moja hadi mashamba ya mbali ambayo kijito chenyewe kisingeyafikia. Ndiva zilikuwa na wenyewe, mara nyingi ukoo, na zilikuwa na siku za kazi ya pamoja ya kuzoa tope. Kwa hiyo ujuzi wa kuzuia maji kwa udongo ulikuwapo katika bonde hili kabla ya mhandisi yeyote kufika na ramani. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni ukubwa wa tuta na umbali wa mtu aliyelihitaji.

Aliyelihitaji alikuwa Tanga. Bonde la Pangani lilikuwa njia ya bara tangu enzi za misafara: wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliondoka mji wa Pangani, wakapanda na mto kupitia Korogwe na Mazinde, wakafika Kahe na Arusha Chini kutafuta chakula kabla ya kuingia Umasaini. Wajerumani waliifuata karibu njia hiyohiyo walipojenga reli kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911. Reli ilileta mashamba ya mkonge, mkonge ukaleta mashine za kusaga majani, na mashine zikahitaji nguvu. Chini ya Korogwe mto huporomoka kutoka nyanda za ndani kuelekea pwani, na maporomoko hayo yalivutia macho mapema. Kampuni ya umeme iliyoanzishwa mwaka 1931, ambayo ndiyo mzazi wa TANESCO ya leo, ilianza kufua umeme katika maporomoko ya Pangani mwaka 1936. Kituo kilipanuliwa kidogo kidogo hadi megawati 17.5. Mwaka 1964 kikaongezwa kituo cha Hale, megawati 21, juu kidogo ya kile cha kwanza, na njia ya umeme ikavutwa hadi Dar es Salaam. Kwa nchi iliyokuwa imepata uhuru miaka mitatu tu kabla, Mto Pangani ulikuwa chanzo chake kikuu cha umeme wa maji.

Vituo hivyo vilikuwa na udhaifu mmoja. Viliendeshwa na maji ya mto jinsi yalivyokuja. Wakati wa masika mto ulifurika, na sehemu kubwa ya maji ikapita bila kuzungusha mashine yoyote. Kiangazi mto ulipungua, na umeme ukapungua nao. Dawa yake ilikuwa ghala: mahali pa kuzuia maji ya masika na kuyaachia polepole miezi ya ukavu. Ghala hilo halikuwezekana karibu na Hale, kwa kuwa pale mto uko katika miteremko mikali. Ilibidi kupanda na mto mamia ya kilomita hadi bonde pana lenye mlango mwembamba, na pale Nyumba ya Mungu palikuwa na vyote viwili. Juu ni tambarare inayoweza kumeza maji mengi, chini ni shingo ya miamba ambayo tuta lisilo refu sana lingeiziba.

Tuta lilikamilika mwishoni mwa mwaka 1965 na maji yakaanza kujaa. Ni tuta la udongo na mawe, lenye kimo cha mita 40 hivi na urefu wa takribani mita 400 kutoka ukingo hadi ukingo. Ujenzi wa namna hii una mantiki yake. Ukuta wa zege huhitaji saruji nyingi na mwamba imara wa kuegemea; tuta hutumia kilichopo palepale. Katikati huwekwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka ukiwa na unyevu wa kadiri, kwa sababu mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri haupitishi maji kwa urahisi. Pande zote mbili huwekwa changarawe na mawe ya kulipa tuta uzito na kuushikilia mfinyanzi usiteleze. Upande unaoelekea maji hutandikwa mawe makubwa ili mawimbi yasile udongo. Uzito wenyewe ndio nguvu ya tuta: halizuii maji kwa ugumu bali kwa wingi.

Lakini tuta la udongo lina adui wawili ambao zege huwastahimili zaidi. Wa kwanza ni maji yanayopita juu yake. Zege inaweza kuvumilia kufurikiwa kwa saa kadhaa. Udongo hukwanguliwa, na tundu likishaanza juu ya tuta hupanuka kwa kasi isiyozuilika. Ndiyo maana kila tuta kubwa lazima liwe na utoro, yaani njia ya pembeni ya kumwagia maji ya ziada kabla hayajafika kileleni, na utoro wa Nyumba ya Mungu ni sehemu muhimu ya bwawa sawa na tuta lenyewe. Adui wa pili ni uvujaji wa ndani, maji yanayopenya mfinyanzi na kubeba chembe zake moja moja. Huo hauonekani kwa macho ya mpita njia, na kinga yake ni ukaguzi wa mara kwa mara wa maji yanayotokea chini ya tuta: yakiwa safi na ya kiasi kilekile hakuna hofu, yakiwa na tope kuna hatari. Kwamba tuta hili limesimama takribani miaka 60, likiwa na jangwa la jua upande mmoja na maji upande wa pili, ni sifa kwa waliolijenga na kwa wanaolitunza.

Bwawa likijaa, uso wa maji hufika karibu mita 689 juu ya usawa wa bahari. Hapo huwa limefunika eneo la kilomita za mraba 150 hivi na kushika takribani mita za ujazo bilioni 1. Ukigawanya ujazo huo kwa eneo, kina cha wastani ni kama mita 6 au 7 tu. Hiyo ni sahani pana, na sahani pana juani hupoteza maji. Katika hewa ya bonde hilo, uso wa maji hupoteza kwa mvuke takribani mita 2 kwa mwaka, maana yake mamia ya mamilioni ya mita za ujazo hupaa angani bila kuzungusha mashine wala kumwagilia shamba. Ni gharama ambayo ghala lolote katika nchi kame hulipa, na Nyumba ya Mungu hulipa kwa wingi kwa sababu ya umbo lake.

Mwaka 1968 kituo cha umeme kilianza kazi chini ya tuta, mashine mbili za megawati 4 kila moja. Megawati 8 ni kidogo. Kidatu, kilichoanza mwaka 1975 kwenye Mto Ruaha Mkuu, kina uwezo wa megawati 204. Anayelipima bwawa hili kwa mashine zake mwenyewe hawezi kuelewa kwa nini lilijengwa. Kazi yake kubwa katika umeme ilikuwa kulisha Hale na maporomoko ya Pangani wakati wa kiangazi. Maji yaleyale yaliyotoka Nyumba ya Mungu yalifanya kazi mara ya pili na ya tatu kabla ya kufika bahari.

Ambacho hakikuwa lengo kuu ni samaki, na samaki ndio waliolibadilisha bonde haraka kuliko umeme. Maji yalipopanda juu ya ardhi iliyokuwa malisho kwa karne nyingi, yalizamisha nyasi, vichaka na samadi. Vyote vikaoza na kuyarutubisha maji; mimea midogo isiyoonekana ikastawi, na perege, wanaokula mimea hiyo, wakazaliana kwa wingi wa ajabu. Mito ya Pangani ilikuwa na perege wake wa asili, akiwemo wa Ziwa Jipe ambaye hapatikani nje ya bonde hili. Pamoja nao alikuwapo ngege wa Ziwa Viktoria, aliyeletwa na binadamu. Kambale nao hawakukosekana.

Habari zilienea. Wavuvi walikuja kutoka Ziwa Jipe, kisha kutoka Ziwa Viktoria na Ziwa Nyasa, kila kundi na namna yake ya kuchonga mtumbwi na kusuka nyavu. Kambi zilizoanza kama vibanda vya nyasi zikawa vijiji vyenye maduka, na mialo ya kupokelea samaki ikazunguka bwawa. Samaki walikaushwa juani au kwa moshi, kisha wachuuzi wakawapeleka Moshi, Arusha, Tanga na zaidi. Mwaka 1970 mavuno yalipita tani 25,000. Kwa eneo dogo namna hiyo la maji, ni mavuno ambayo maziwa mengi makubwa ya Afrika hayajawahi kuyakaribia kwa hesabu ya kila hekta.

Wingi huo haukudumu. Rutuba ya ardhi iliyozama huliwa mara moja tu; ikiisha, bwawa hubaki na kile ambacho mito huleta. Kwa hiyo mavuno yalianza kushuka mapema katika miaka ya 1970, na kushuka kwake kulikuwa kwa ghafla. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London waliofika mwaka 1974 kuchunguza maji, mimea na samaki walilikuta bwawa likiwa katika mpito huo, na taarifa zao zilizochapishwa mwaka 1978 zimebaki miongoni mwa uchunguzi kamili zaidi uliowahi kufanywa juu ya bwawa lolote la Afrika Mashariki. Ni haki kusema kwamba mporomoko wa kwanza haukuwa kosa la wavuvi. Yaliyofuata yalikuwa. Watu waliokwishahamia hawakuwa na pa kurudi, na kadiri samaki walivyopungua ndivyo macho ya nyavu yalivyopunguzwa. Kokoro likaburutwa katika maji mafupi ya ukingoni, kwenye mazalio yenyewe, likikusanya vifaranga vya perege ambavyo havikupata hata nafasi ya kuzaa mara moja. Serikali imelifunga bwawa kwa uvuvi zaidi ya mara moja. Mwaka 2016 lilifungwa ili samaki wapumzike. Kila lilipofunguliwa, wiki za kwanza zilikuwa za neema, kisha hali ikarudi ilipokuwa. Kufunga peke yake hakuponyi bwawa ambalo kokoro hurudi siku ya kwanza ya kufunguliwa.

Chini ya tuta mabadiliko yalikuwa ya kimya zaidi. Kabla ya 1965 mafuriko ya masika yalimwagika katika vinamasi vya Kirua, kati ya Nyumba ya Mungu na Korogwe, yakiacha samaki, nyasi mbichi na ardhi yenye unyevu ya kulima. Ghala lilipoyazuia mafuriko, vinamasi vikaanza kukauka na kusinyaa. Wafugaji walipoteza malisho ya kiangazi, wavuvi wa vinamasi wakapoteza samaki, na hakuna aliyewahesabu watu hao katika faida na hasara za mradi. Mwisho wa mto, karibu na mji wa Pangani, maji ya chumvi yamekuwa yakipanda na mlango wa mto kuliko zamani, kwa sababu mto wenye maji machache hauna nguvu ya kuisukuma bahari. Bwawa si sababu pekee ya jambo hilo, maana maji hupungua pia kwa kilimo na kwa mvua, lakini limo miongoni mwa sababu.

Mapambano makubwa zaidi, hata hivyo, yalikuwa juu ya tuta, kwa walio karibu na mlima. Shamba la miwa la TPC, lililoanzishwa Arusha Chini na wawekezaji kutoka Denmark katika miaka ya 1930, lilikuwa likitumia maji ya mito inayoingia bwawani tangu kabla ya bwawa kuwapo. Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini uliojengwa kwa msaada wa Japani, wenye hekta 2,300, na karibu nusu yake ni ya mpunga. Mradi ulitumia maji ya mito ya Rau na Njoro. Mavuno yalikuwa mazuri mno, tani 6 kwa hekta na zaidi, na uzuri huo ndio ulioleta shida: wakulima waliokuwa nje ya mradi, juu ya mabanio yake, waliona faida ya mpunga na kuanza kuchepusha maji yaleyale kwa mifereji yao. Baada ya miaka michache sehemu ya mashamba ya mradi ilikosa maji. Na kila lita iliyobaki katika jaruba la mpunga haikufika Nyumba ya Mungu.

Sheria ilijaribu kufuata hali halisi. Sheria ya matumizi ya maji ya mwaka 1974 ilifanya maji kuwa mali ya umma na kumtaka kila mtumiaji mkubwa awe na hati. Mabadiliko ya mwaka 1981 yaligawa nchi katika mabonde ya mito, na mwaka 1991 bonde la Pangani likawa la kwanza Tanzania kupata ofisi yake ya maji. Kuanza na Pangani hakukuwa bahati nasibu. Ni bonde lililokuwa na ugomvi mwingi kuliko yote. Lakini mwenye hati ya karatasi alikutana na mwenye mfongo aliorithi kwa babu, na kila mmoja akaona haki iko kwake. Mfongo haukuwa na karatasi, lakini ulikuwa na karne mbili za matumizi, na ofisi iliyotaka ulipiwe ada ilieleweka kama mgeni anayeuza kitu cha mwenyeji. TANESCO ilikuwa na hoja yake pia: maji ya mlimani yakiishia mashambani, mitambo ya chini husimama.

Hoja hiyo ilizidi uzito mwaka 1995, kituo kipya cha maporomoko ya Pangani kilipoanza kazi kwa fedha za Norway, Sweden na Finland. Kina megawati 68, na kikifanya kazi kwa nguvu zote hutumia mita za ujazo 45 za maji kwa sekunde, kiasi ambacho mto hauna kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kituo kipya kilijengwa juu ya matumaini ya ghala lilelile la miaka ya 1960 na mito ileile, wakati mashamba ya juu yalikuwa yamekwisha kuongezeka. Ukame wa miaka ya 1990 na ule wa 2005 hadi 2006, uliolazimisha mgawo wa umeme nchi nzima, ulidhihirisha kwamba mahesabu yalikuwa ya mto wa zamani. Kati ya makosa yote ya kupanga matumizi ya bonde hili, hilo la kujenga mtambo mkubwa chini bila makubaliano na watumiaji wa juu ndilo la wazi zaidi.

Miaka ya mvua nyingi huleta tatizo la upande wa pili. Mvua za mwaka 2020 zilijaza bwawa hadi maji ya ziada yakamwagika, na kaya zilizokuwa zimejenga na kulima katika ukingo mkavu zikajikuta ndani ya maji. Ukingo wa bwawa lenye kina kidogo husogea mbali sana kwa badiliko dogo la kimo. Mita 1 tu ya maji inaweza kumeza au kuacha wazi kilomita za mraba nyingi. Miaka ya ukame huwavuta watu kulima ardhi iliyoachwa na maji, yenye unyevu na rutuba ya tope, kisha mwaka wa mvua huwafukuza. Tope hilo lenyewe ni deni linalokua. Kila masika Kikuletwa huleta udongo wa mashamba ya mlimani na wa mbuga zilizochungwa kupita kiasi, ukatua chini, na nafasi ya maji ikapungua kwa kiasi hichohicho. Ndiva huzolewa tope kwa majembe na kazi ya siku moja. Nyumba ya Mungu haiwezi kuzolewa, na njia pekee ni kuuzuia udongo kule unakotoka.

Watu wa karibu walingoja muda mrefu kupata maji ya bwawa kwa kunywa. Kwa karibu miongo sita maji hayo yaliwasha taa za Tanga na Dar es Salaam, wakati miji ya Mwanga na Same, ya kwanza ikiwa upande wa pili tu wa mbuga, iliishi kwa visima haba na vijito vinavyokauka. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji Nyumba ya Mungu, kuyasafisha na kuyasukuma kwa mabomba, ulianza kujengwa katika miaka ya 2010 na kukwama mara kwa mara. Ulizinduliwa Machi 2025, mwaka wa 60 tangu tuta lilipoziba mto.